Kibarua Aliyebaki Chomboni: kisa cha ulezi wa kiroho kwenye mwalo wa dagaa

Kisa hiki ni cha mwalo mmoja wa wavuvi huko Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kwenye ule ufuo unaotoka Igombe kwenda Kayenze. Wahusika wake wawili wamekubali kisimuliwe kwa sharti kwamba wao, kanisa lao na chombo visitajwe. Mmoja nitamwita fundi, maana hata mwaloni hakuna anayemwita vinginevyo. Mwingine nitamwita kijana.

Fundi ni mzee wa kanisa, miaka imeshapita sitini, na kazi yake ni kushona nyavu. Kijana ana miaka ishirini na kitu, kwao ni Ukerewe, ni baharia kwenye chombo cha dagaa. Kilichowakutanisha ni daftari la mahudhurio.

Kanisa lao lina darasa la waumini wapya kila Jumatano saa 11 jioni. Sasa, mtu aliyewahi kukaa mwaloni anajua saa 11 jioni kuna nini. Siku za giza, hiyo ndiyo saa ya kupakia taa na petroli. Dagaa wanavuliwa gizani: taa inawekwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa inakosa kazi, vyombo vinapumzika. Kwa hiyo kijana alionekana darasani wakati wa mbalamwezi, giza likianza akapotea, mwezi ukirudi naye akarudi. Mwalimu wa darasa, mwajiriwa wa serikali anayeishi Pasiansi, aliandika pembeni ya jina lake kwamba hana msimamo. Kumbe alikuwa na msimamo kuliko wengi, ila ulifuata mwezi na daftari lilifuata Jumatano.

Wazee wakamtuma fundi "akamfuatilie".

Niseme jambo moja kuhusu madarasa kabla sijaendelea. Kuzunguka ziwa hili Ukristo uliingia kwa kitabu. Kwa miaka mingi, kuandaliwa kwa ubatizo kulikwenda sambamba na kujifunza kusoma, na makanisa yetu bado yanaamini kwamba mwanafunzi wa Yesu ni mtu aliyekaa kwenye benchi na kumaliza masomo. Lakini hapo hapo mwanzoni kulikuwa na njia nyingine pia. Alexander Mackay, Mskoti aliyefika Buganda mwaka 1878 na kufariki Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890, alikuwa mhandisi. Vijana walimzunguka akichonga mbao, akitengeneza vyuma, akipiga chapa kurasa za Maandiko. Waliomjua walimjua akiwa kazini. Tumerithi benchi tukasahau karakana.

Fundi hakuwa amesoma habari za Mackay. Alifanya tu kilichokuwa rahisi kwake: alimwambia kijana aje chini ya mti anapofanyia kazi, asubuhi, baada ya dagaa kuanikwa. Akampa sindano na uzi. Kijana akajifunza kuziba tundu, na wakati mikono inafanya kazi, Biblia ilikuwa imefunguliwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Walianza na Injili ya Marko kwa sababu ni fupi. Hawakuwa na mtaala. Siku nyingine walisoma mistari mitatu, siku nyingine hawakusoma kabisa, wakazungumza habari za mama yake kijana, deni la simu, na msichana mmoja anayeanika dagaa upande wa pili wa mwalo. Fundi alimwambia waziwazi jinsi yeye mwenyewe alivyokunywa pombe miaka mingi na jinsi mke wake alivyokaribia kuondoka. Darasani mambo hayo hayasemwi.

Ni katika Marko sura ya kwanza kijana alipotoa neno ambalo fundi analirudia hadi leo. Wamesoma mstari wa 19, Yakobo na Yohana wako chomboni "wakizitengeneza nyavu", fundi akacheka akasema, unaona, hata hawa walishona. Kijana akaendelea kusoma mwenyewe mstari wa 20: wakamwacha baba yao Zebedayo chomboni "pamoja na watu wa mshahara". Akasimama hapo.

"Fundi, na hawa wa mshahara?"

"Wamefanya nini?"

"Hakuna aliyewaita. Wamebaki na tajiri. Mimi ni hao."

Tajiri, kwa lugha ya mwaloni, ni mwenye chombo. Nimewasikia wahubiri wengi wakilihubiri fungu hilo na sijamsikia hata mmoja akiwauliza habari vibarua wa Zebedayo. Kijana aliwaona kwa sababu anakaa mahali wanapokaa. Swali lake lilikuwa hili: mtu ambaye hawezi kuacha nyavu, kwa kuwa si zake, anamfuataje Yesu akiwa humo humo chomboni? Kama ulezi huu usingezaa kitu kingine chochote, swali hilo peke yake lingetosha kuuhesabu kuwa ulezi.

Swali la ndoo

Miezi kadhaa ikapita. Mbalamwezi moja, vyombo vimepandishwa mchangani, kijana akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye wavu:

"Mzee, hivi fungu la kumi la hela ya wizi, Mungu anapokea?"

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye chombo chao, usiku ambao mavuno ni mazuri, nahodha huuza ndoo chache ziwani kabla hawajafika mwaloni. Fedha wanagawana mabaharia wote. Tajiri anapata hesabu ya zilizofika tu. Kijana alikuwa amepokea sehemu yake tangu alipoanza kazi, na tangu aokoke amekuwa akiitolea fungu la kumi kwa uaminifu.

Msomaji asiyejua mgawo wa dagaa atasema mara moja: wizi ni wizi. Ngoja tufanye hesabu, nimeirahisisha. Tuseme mauzo ya usiku ni shilingi 400,000. Zinatolewa gharama za petroli na chakula, tuseme 80,000. Zinazobaki 320,000 zinagawanywa nusu kwa nusu: tajiri 160,000, mabaharia wanne 160,000, yaani 40,000 kila mmoja. Sasa chukua ndoo za thamani ya 80,000 zilizouzwa ziwani. Kila baharia anaondoka na 20,000. Ndoo hizo zingefika mwaloni, 40,000 zingekuwa za tajiri na 40,000 za mabaharia, yaani 10,000 kwa kila mmoja. Katika ile 20,000 iliyo mfukoni mwa kijana, nusu ni ya wizi na nusu ni jasho lake. Akiikataa yote, amejinyang'anya na haki yake. Akiipokea yote, ameiba. Na hakuna noti iliyoandikwa hii ni ile na hii ni hii.

Kuna na jingine. Mabaharia wanasema tajiri huandika lita 25 za petroli wakati dumu lina 20. "Tunarudisha chetu," ndivyo nahodha alivyomweleza kijana siku ya kwanza. Hata hapo hesabu inasaidia. Lita tano, tuseme kwa 3,000 kila moja, ni 15,000. Kwa kuwa gharama inatolewa kabla ya mgawo, nusu yake inawaangukia mabaharia, yaani 7,500 kwa watu wanne, haifiki 2,000 kwa kichwa. Wanachokirudisha ni mara tano ya walichopunjwa. Lakini wamepunjwa kweli, na jambo hilo lisisahaulike, maana tutalirudia.

Siku hiyo fundi alifanya vizuri. Hakukemea wala hakutafuta mstari wa haraka. Aliuliza: umepokea kwa muda gani, ukikataa kitatokea nini, nani mwingine chomboni anaijali habari hii. Halafu akasema, "Usipokee tena. Ila usiwasemee wenzako." Kuhusu fungu la kumi alisema hajui, akaahidi kuomba naye. Naheshimu sana hilo "sijui".

Ushauri wenyewe ulikuwa na kasoro moja. Kwenye chombo chenye watu wanne, gizani, kilomita kadhaa kutoka ufukweni, kukataa fedha ni kusema. Kijana alilijua hilo kuliko mzee wake, akatafuta njia yake. Giza lilipoanza alimwambia nahodha: ile sehemu yangu ya ndoo msiiuze, iende mwaloni na zingine. Nahodha akacheka, akamwita mchungaji, akakubali. Wakawa wanauza ndoo pungufu. Ndoo hizo zikaingia kwenye mgawo halali, nusu ya tajiri ikamfikia tajiri, na hakuna mtu aliyetajwa. Baada ya safari chache nahodha akaanza kumuuliza maswali, kwanza ya utani, baadaye si ya utani.

Sikiliza jinsi jibu hilo lilivyo la busara. Yohana Mbatizaji, katika Luka 3, alipoulizwa na askari wafanye nini, hakuwaambia waache uaskari. Aliwaambia wasidhulumu, wasisingizie, watosheke na mishahara yao. Kijana alifika mahali hapo hapo bila mtu kumwonyesha fungu hilo. Mwanafunzi alikuwa amemtangulia mwalimu, na mwalimu hakujua.

Fundi kwa tajiri

Hakujua kwa sababu hakusubiri mwezi urudi. Tajiri wa chombo hicho ni mteja wa fundi, tena ni muumini wa kanisa hilo hilo. Mabati ya jengo lao jipya sehemu kubwa ni mkono wake. Jumapili moja baada ya ibada tajiri alilalamika kwamba giza hili chombo hakileti kitu. Fundi akamjibu, "Chombo kinaleta. Uliza kinachobaki njiani."

Maneno matano, na hakutaja jina. Kwa vipimo vya kawaida tungesema hakuvunja siri.

Tajiri alimbana nahodha. Nahodha hakuhitaji ramani: kati ya watu wanne wa chombo, mmoja tu anakaa chini ya mti na mzee wa kanisa. "Kesho usije," alimwambia kijana, na akaongeza kwamba chombo hakibebi mdomo. Vyombo jirani vikasikia, kazi ikafungwa mwalo mzima. Kijana akavuka kwenda visiwani na simu yake ikazimwa. Kanisani ikatangazwa kwenye maombi kwamba amerudi nyuma.

Nilipomuuliza fundi kwa nini alisema, hakujitetea kwa Maandiko. Alisema alishindwa kumtazama tajiri machoni huku akijua. Nadhani hapo ndipo penye mzizi wa kisa chote. Alichokuwa amebeba kilimwelemea, akautua mzigo wake, na aliyeumia akawa mtu mwingine. Paulo anawaambia Wagalatia wachukuliane mizigo, na mistari mitatu mbele anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Kubaki na siri ya kijana lilikuwa furushi la fundi, na hakuna mwingine wa kumtwisha.

Zaidi ya hapo, angalia habari ilivyotembea. Fundi alijua mambo mawili: ndoo zinazouzwa ziwani na lita zinazoandikwa kwa kuzidishwa. La kwanza alilipeleka kwa tajiri. La pili hakulipeleka popote. Yakobo 5:4 linasema wazi habari za ujira uliozuiwa kwa hila, na tajiri alikuwa mbele yake, ametoka ibadani. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Lakini mlezi anayekula kwa kazi za tajiri, akiwa hajaangalia miguu yake imesimama wapi, atajikuta anapeleka habari za wadogo kwa wakubwa, na za wakubwa hazishuki. Na tukiwa hapo, hakuna hata mmoja aliyeuliza ndoo zile zilikuwa zikinunuliwa na akina nani. Mwalo huu si mkubwa, na viti vya kanisa navyo si vingi.

Ulezi wa kila siku unasifiwa sana, na mimi ni mmoja wa wanaousifu, kwa sababu unamkuta mtu mahali anapoishi. Tunachosahau ni kwamba mlezi naye anaishi hapo. Mchungaji aliyetoka mbali hana deni mwaloni. Fundi analo. Ukaribu uleule uliomfanya asikie swali la ndoo ndio uliomfanya asiwe mtu wa kuliweka kwake bila kwanza kusema anafungamana na nani. Sisemi asingemlea. Nasema kabla kijana hajamaliza sentensi ya pili, angemwambia: "Mwanangu, kabla hujaendelea, ujue tajiri wako ni mteja wangu na tunasali pamoja." Kijana angeamua mwenyewe aendelee au anyamaze.

Walichosema walezi wengine

Nimekipeleka kisa hiki kwenye semina ya walezi, na ubishi haukukosekana. Baadhi walishikilia kwamba kijana angepaswa kuacha kazi siku alipojua. Hao wengi wao wana mishahara ya mwisho wa mwezi, nami sikutumia muda mwingi kuwajibu.

Hoja nzito ilitoka kwa mama mmoja aliyelelewa katika mapokeo ya Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuvuka hadi upande wa Bukoba. Kwao dhambi inaletwa nuruni, mbele ya ndugu, na anayeificha anaoza nayo. Aliuliza kwa nini kijana hakuungama kwenye ushirika. Ni swali la haki, na Uamsho umewaponya wengi kwa njia hiyo. Lakini kuungama ni kwa dhambi yako. Kijana hakuwa na namna ya kutaja sehemu yake bila kutaja chombo, na ukitaja chombo umewataja watatu ambao hawakuomba kuungamiwa. Kwa watu hao njia ya Bwana imeandikwa katika Mathayo 18: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu". Kijana alikuwa ameshaianza, kwa namna yake ya upole, kwa nahodha. Mama yule alikubali nusu. Alisema bado, angeungama angalau kwa fundi. Nikamkumbusha kwamba ndivyo alivyofanya.

Mwingine aliuliza kama siri haina mpaka. Inao. Mtoto akiumizwa, mtu akiwa katika hatari ya kufa, mlezi hanyamazi, na mwanafunzi aambiwe hivyo tangu mwanzo. Ndoo za dagaa hazifiki huko.

Hali ilivyo sasa

Fundi alipojua kilichotokea alipanda meli kwenda Nansio, Ukerewe. Hakumkuta kijana, alimkuta mama yake, akamweleza yote bila kujipunguzia kosa. Mama alimkaribisha ugali na hakusema mengi. Siku kadhaa baadaye simu ikapigwa kutoka kisiwa kingine. Waliongea muda mrefu. Fundi aliomba msamaha, na kijana akajibu kwa sentensi ambayo nimeruhusiwa kuinukuu: "Nimekusamehe, mzee. Ila ya chomboni sitakuletea tena."

Wanaongea mpaka leo, hasa wakati wa mbalamwezi. Wamemaliza Marko, wako kwenye Matendo. Kijana anashona nyavu huko aliko na wenzake wawili wanakaa naye akishona. Kama wanasoma kitu, hasemi, na fundi haulizi. Kwenye semina kuna waliosema huu ni ushindi na waliosema ni hasara. Mimi naona ni uhusiano uliopona ukiwa na chumba kimoja kilichofungwa, na aliyekifunga ana haki ya ufunguo. Kumlazimisha akifungue kwa jina la upatanisho kungekuwa kumkosea mara ya pili. Paulo naye alikataa kumchukua Marko safarini, na ilipita miaka kabla ya kuandika "umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi". Kati ya barua hiyo na ugomvi wa kwanza hatujaambiwa ni nani aliyemharakisha nani.

Kanisa limekubali kwamba darasa la Jumatano lina shida. Wanajadili kuweka masomo ya wavuvi kwenye wiki za mwezi mpevu. Jina la kijana bado liko kwenye orodha ya waliorudi nyuma. Nimeomba liondolewe na nimeambiwa kikao kitakaa.

Kuhusu tajiri, mzee mwingine, asiye na biashara naye, ameombwa amfikishie habari za lita. Hilo lilichelewa mno kutokea.

Wazee walijadili kama fundi aendelee kulea, na maoni yangu yalikuwa aendelee. Sasa chini ya mti wake wanakaa vijana wengine, na kila anayekuja anaambiwa kwanza, kabla ya Biblia kufunguliwa, ni vyombo vya nani fundi anashona nyavu zake na ni matajiri gani anaosali nao. Mmoja alisikiliza orodha hiyo hadi mwisho, akashukuru, akasema afadhali atafute mlezi mwingine. Fundi akampa namba ya simu ya mwalimu mmoja wa Kayenze ambaye hana tajiri hata mmoja.